Shibiri Tatu za Baraza

Mwanangu Mahfoudh anachora kituo cha treni chini ya ardhi huko Ulaya, na mimi karibu nimharibie kazi. Aliponieleza mara ya kwanza nlimwambia sisi huku chini ya ardhi tunaingia mara moja tu, tena hatutoki. Akacheka. Mwaka wa tisa huu nnasikia kicheko tu, mtu mwenyewe simwoni.

Alisema kituo ni kirefu, watu wanasimama humo kama mizigo. Akataka kukijengea baraza ukutani, mwanzo hadi mwisho, kama hili la nyumba yetu ya Mji Mkongwe, abiria wakae wazungumze. Akaniomba kimo chake, toka chini hadi pa kukalia. Nikamjibu aje apime mwenyewe. Siku tatu nimeshikilia hapo hapo. Mwisho akasema Jumatatu anapeleka michoro, na bila kipimo kazi atapewa mwengine. Basi, moyo wa mzazi, nikainama nikapima. Futi ya nini? Miaka arubaini nnashona, napima kwa mkono wangu. Nikamwambia shibiri tatu kamili.

Akafurahi. Siku alipoondoka aliniwekesha kiganja kwenye daftari, vidole nimevitanua, akakizungushia penseli. Anacho mpaka leo. Akapima mchoro ule, akazidisha mara tatu.

Wiki iliyopita akapiga simu, mimi nimekaa barazani. Walitengeneza kipande cha baraza kwa mbao, wajaribu. Wakubwa zake wakakaa, miguu ikaning'inia kama watoto kwa kinyozi. Ofisi nzima ikacheka. Nliona haya, nikamwambia labda nimekosea kuhesabu, uzee huu.

Akasema hapana. Kaitafuta picha ya siku aliyoondoka, kakaa barazani na begi lake, nyayo zimekanyaga chini sawasawa. Akapima mguu wake toka chini hadi gotini: kwa mkono wa daftarini, baraza lile halifiki shibiri mbili na nusu.

"Hukukosea kuhesabu, Mama. Mkono wako ndio haufunguki tena."

Nikauficha mkono ndani ya kanga, na hali simu ile haioni. Baridi yabisi hii ina mwaka wa nne, na nliapa hatoisikia kwangu, asije akaacha kazi yake kwa ajili ya vidole.

"Mbona hukunambia?"

"Ungekuja?"

"Ningekuja, Mama. Siku ile ile."

Miaka minne! Nikalia pale pale barazani, wapita njia wananitazama. Nikajifuta uso kwa kanga, nikamwambia basi njoo upime mwenyewe.