Chokaa ya Ibra, Udongo wa Kemunto

Jumapili, saa moja na dakika kumi asubuhi, lipu ya majaribio kwenye ukuta wa mashariki ilikuwa na nyufa kumi na saba. Ibra alizihesabu mara mbili. Mara ya pili alitia alama ya penseli kwenye kila ufa, na idadi haikupungua.

Nyumba yenyewe ilikuwa kongwe, ya udongo mtupu, jangwani, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari kutoka Riyadh. Wasanii sita walikuwa wamepewa na kamati ya majengo ya kale kibali cha kuifufua waifanye karakana yao. Sharti lilikuwa moja: Alhamisi saa nne, mhandisi wa kamati angeimwagia maji lipu ya majaribio. Ikisimama, Ibra angekuwa fundi mkuu wa nyumba nzima, ya kwanza maishani kuwa chini ya mkono wake. Ikiporomoka, kazi ingepewa mkandarasi wa saruji, na Ibra angerudi Jeddah kuwachanganyia mafundi wengine chokaa, kama alivyofanya kwa miaka mitatu kwenye majumba ya mawe ya matumbawe.

Kemunto, mpishi wa wasanii, alitoka jikoni na kikombe cha chai.

"Fundi, hii ukuta imekukataa."

"Ukuta haumkatai mtu, dada. Ni mchanganyiko tu."

"Umepaka nini?"

"Chokaa. Nimeiroweka wiki tatu. Mji Mkongwe mzima umesimama kwa chokaa."

"Mji Mkongwe ni mawe. Hii ni matope." Aligonga ukuta kwa ukucha. "Chokaa inakauka inakuwa ngumu kama roho ya landlord, na udongo huko chini bado unapumua. Lazima ipasuke. Kwetu Nyamira hata mtoto wa nursery anajua hiyo."

"Mie sikuvuka bahari kuja kukandika kibanda."

"Basi kaa na nyufa zako. Ziko ngapi?"

"Kumi na saba," alisema Ibra, maana katika idadi hakuwa mtu wa kudanganya.

Aliketi juu ya ndoo akanywa chai yote. Aliziheshimu nyufa kuliko alivyoliheshimu jina lake. Kisha akauliza, "Na nyie huko mnatia nini?"

"Udongo, majani makavu ya ngano, na samadi ya ng'ombe. Iwe fresh."

"Jangwani humu ng'ombe utamtoa wapi?"

Frankline, dereva wa wasanii, alijua shamba moja la maziwa upande wa Al-Kharj. Madam Munira, mchoraji aliyewaongoza wenzake, alipoelezwa alicheka mpaka akashika nguzo. "Yalla!" akasema, akampa Frankline ufunguo wa gari lake mwenyewe, jeupe, lenye umri wa miezi miwili. Hakuuliza samadi ingebebwa ndani ya nini.

Frankline alirudi saa nane na nusu, vioo vyote vinne vikiwa chini na kichwa chake kikiwa nje ya dirisha. Alileta magunia kumi. Mawili yalikuwa yamepasuka.

"Madam, ndani ya gari hewa mafi," alitangaza kwa Kiarabu chake cha barabarani, ambacho "mafi" ni "hakuna" tu. "Mafi kabisa."

Kemunto alidai kwamba kwao mwenye nyumba ndiye hukanyaga udongo wa kwanza, la sivyo kuta humsengenya. Madam Munira akavua viatu, akapandisha abaya mpaka magotini, akaingia katika shimo walimomwagia udongo, majani, samadi na maji, na kupiga ukelele, kwa kuwa Februari ilikuwa haijaisha na tope lilikuwa baridi. Wasanii wengine watano wakamfuata. Mchongaji aliteleza akaketi. Mpiga picha alikwenda kumwinua, akaketi naye.

Ibra alisimama ukingoni akitazama saa yake. Kwa makadirio yake, katika dakika kumi ilikuwa imekanyagwa robo tu ya shimo. Kilichobaki kilikuwa mabonge na vicheko.

"Jamani, mnakanyaga katikati tu! Pembeni atakwenda nani?"

"Ingia wewe!" Kemunto alimjibu. "Ama mtu wa Unguja akishika matope anayeyuka?"

Ibra akakunja suruali, mikunjo mitatu iliyolingana kila mguu, akaingia.

Bibi yake alikuwa mmoja wa wanawake walioponda chokaa mbichi ya madari kwa magongo mpaka ishikane. Waliponda kwa wimbo, ili pigo lisirudie mahali pamoja. Ibra aliuanza wimbo ule. Miguu ikajipanga: pembe hadi pembe, hatua moja kila neno. Kemunto akapiga vigelegele. Madam Munira akaimba kwa sauti kubwa maneno asiyoyajua hata moja. Baada ya dakika arobaini Ibra alipekua tope kwa vidole, asipate bonge. Kazi ilikuwa imekwisha. Lakini wimbo ulikuwa na beti mbili zaidi, kwa hiyo waliendelea.

Udongo ulilazwa siku mbili. Jumanne Kemunto alikandika kipande kipya kwa viganja, na Ibra akamfuata na mwiko na pimamaji.

"Fundi, ukuta si kioo!"

"Na si chapati, dada!"

Alhamisi saa nne kamili mhandisi alifika. Kwenye fomu yake ya ukaguzi Ibra alikata neno "chokaa" akaandika "udongo". Mhandisi alimwaga lita ishirini kutoka urefu wa mita moja, polepole. Kwa mara ya kwanza tangu Jumapili hakuna aliyecheka. Maji yalishuka yakiwa ya kahawia, kisha yakashuka maangavu. Mhandisi akapima kwa rula: ukuta ulikuwa umelika milimita mbili. Kamati iliruhusu tano. Akasogeza pua ukutani, akaitoa haraka, akaamua kutouliza. Saa nne na dakika ishirini na sita alitia sahihi.

Saa nne na nusu lilirushwa bonge la kwanza la udongo uliobaki. Lilitoka mkononi mwa Ibra, likampata Kemunto begani. La pili lilirushwa na Madam Munira.