Zamu ya Nyumba ya Fidencio

Luteni wa jeshi alipopanda milimani, kijijini kwetu Ccollpa, hakusema mengi. Kila nyumba itoe mtu mmoja wa kulinda kijiji, na nyumba itakayokataa itahesabiwa kuwa ya waasi. Akatuachia magobore, akashuka zake mjini Ayacucho.

Jumapili hiyo Fidencio, shemasi wetu, alisimama kanisani. Alikuwa mpole mno, hata kuchinja kondoo wake aliwaachia majirani.

"Bwana alimwambia Petro arudishe upanga," alisema. "Mkristo hashiki silaha. Mimi sitalinda."

Máximo, mpiga gitaa wetu, ambaye luteni alimfanya mkuu wa ulinzi, alicheka. "Mchungaji wetu naye si aliwaambia waasi hayo hayo? Tukamzika bila ulimi."

"Yuko kwa Bwana."

"Haya, shemasi. Vaa sketi ya mkeo, naye tutampa suruali yako. Lakini nyumba yako itatoa mtu."

Watu wakaangua kicheko. Zenobia, mkewe, akainuka na mtoto mgongoni. "Nitakwenda mimi."

Sote tukamgeukia Fidencio.

"Sikumtuma," alisema, akafungua kitabu cha nyimbo.

Waasi walikuja alfajiri moja ya Juni, nyasi zikiwa nyeupe kwa barafu. Msichana mmoja alifika hadi mlangoni kwa Fidencio na dumu la mafuta ya taa. Ndani alikuwamo Fidencio na mtoto. Alikuwa amekomea mlango, sauti yake ya maombi ikitufikia mpaka nje. Zenobia alimpiga yule msichana risasi ya tumbo kutoka kwenye ukuta wa zizi.

Wenzake walipokimbia, msichana bado alikuwa hai, anaomba maji.

"Mmalizie," Máximo alimwambia Zenobia.

"Baruti imeniishia."

"Na mawe nayo yameisha?"

Alimmalizia kwa jiwe. Ilimchukua muda, kwa kuwa hakujua pa kupiga. Fidencio alifungua mlango, akaona, akafunga tena.

Jumapili iliyofuata ilikuwa ya Meza ya Bwana. Fidencio alipita na sinia benchi hadi benchi. Máximo, aliyeua watatu kwa tunavyojua, alipewa mkate akatafuna. Zenobia alinyoosha mkono. Sinia likampita.

"Mikono yako ina damu, dada," Fidencio alisema. Dada, mbele yetu sote.

"Na ya Máximo je?"

"Yeye amewekwa na serikali. Paulo ameandika kwamba wenye mamlaka hawauchukui upanga bure. Wewe nani alikupa mamlaka?"

"Wewe, baba. Zamu ilikuwa yako."

Kesho yake Zenobia alimrudishia Máximo gobore. "Mimi nimetengwa. Mwenye nyumba yupo, mchukueni."

Walinzi wakamchukua. Fidencio alikataa kugusa gobore, na kwa hilo ninamsifu hadi leo, maana walimpiga kweli kweli. Mwishowe Máximo akachoka.

"Basi usibebe kitu. Utatutangulia tu. Waasi wakifyatua, tutajua waliko."

Walimfunga kamba kiunoni kama llama wa mizigo, wakamtembeza kuelekea korongoni. Walipita palipokuwa na Zenobia, anakanyaga viazi vilivyoganda kuvikamua maji, miguu peku.

"Zenobia," Fidencio aliita. "Mke wangu, waambie utarudi zamu wewe. Waambie!"

Midomo yake ilikuwa imevimba, lakini kila mtu alisikia. Zenobia aliendelea kukanyaga.

"Mama, mumeo anakuita," Máximo alimwambia, anacheka.

"Sikumtuma," alisema Zenobia.

Walifyatuliwa risasi korongoni. Risasi ya kwanza ikawa ya Fidencio, na kwa sababu hiyo wenzake wote walirudi wazima. Máximo mwenyewe ndiye aliyehubiri mazishini. Alisema kaka yetu amekufa kama Mkristo, mikono safi, na watu walilia sana. Zenobia aliambiwa asimame nje ya ukuta wa makaburi, na mtoto wake.

Jioni ile alifunga mzigo kuhamia Ayacucho. Alipopita kwangu nilimpa viazi vya njiani, nikamwambia nitamwombea.

"Usiniombee, mama," alisema. "Hivi viazi vinatosha."