Neno Ingefaa

Curt Ruzicka alifunga mfuniko wa kisanduku, akajifuta jasho. Harufu ilikuwa bado haijatoka bandani, ingawa nguruwe waliokufa kwa joto walishachukuliwa na lori. Kisanduku kile ndicho kilichoendesha feni zote, na kilikuwa kizima. Hakuna waya uliolegea, hakuna kilichoungua. Kilikuwa kimefanya kama kilivyoagizwa, na aliyeandika maagizo hayo ni yeye Curt.



Harlan Dykstra, mwenye banda, alikuwa amesimama mlangoni, mikono mifukoni. "Haya, daktari wa feni. Mgonjwa ana nini?"

"Kizima, Harlan."

"Nilijua!" Harlan akatema mate. "Basi ni Verlyn. Ndugu yangu wa tumbo moja. Nimemwachia banda siku moja tu, niende harusini Sioux City. Umeme umekatika, feni zimesimama, king'ora kimelia, yeye kalala kwenye kochi kama gunia la mahindi. Halafu ananiapia hakusikia kitu! Nimemwambia asikanyage hapa tena."

Curt aliwahi kuja kwenye banda hili kabla kisanduku hakijaundwa. Kazi yake ndiyo hiyo: anawauliza wafugaji wanataka mtambo ufanye nini, anaandika, na mafundi wanaunda kilichoandikwa. Siku ile Harlan alimwambia, "Ingefaa kipige kelele hata umeme ukikatika." Curt kazaliwa huku huku Iowa. Anajua watu wa kwao hawasemi "nataka". Mtu nyumba yake inaungua, atakuambia ingefaa kupata maji kidogo. Lakini aliliandika neno kama lilivyotamkwa. Na kiwandani, kilichoandikwa "lazima" hufanywa. Kilichoandikwa "ingefaa" hufanywa nafasi ikiwapo.

Nafasi haikuwapo. Lorna, mkuu wao, alitaka kisanduku kiwe chembamba zaidi. Akauliza kikaoni, "Hii betri ya king'ora, ni lazima?" Wote wakamgeukia Curt. Wiki nzima walikuwa wakimtania kwamba kwake kila kitu ni lazima, hata sukari kwenye kahawa. Akajibu, "Imeandikwa ingefaa." Betri ikatolewa. Watu wakaenda kula, naye akala vizuri tu.

"Twende ndani ukanywe kahawa," Harlan alisema. "Kazi yako umemaliza."

Curt hakuondoka pale alipokuwa. Angeweza kwenda. Neno "kizima" lilikuwa la kweli, na hakuna ambaye angemuuliza zaidi.

"Verlyn hakudanganya," alisema.

"Nini?"

"King'ora hakikulia. Umeme ukikatika hakiwezi kulia, hakina betri."

"Si nilikuomba?"

"Uliniomba. Nikaandika kilegevu. Na walipoitoa nilikuwepo mezani. Walinitazama mimi, nikawaachia."

Harlan alimtazama. Curt alitamani apigwe, yaishe. Lakini Harlan aligeuka, akatoa simu.

"Verlyn. Ni mimi. Usikate, ng'ombe wewe! Njoo bandani... Sikuiti kukutukana. Njoo tu." "Njoo, kaka."

Akageuza ndoo, akaikalia, kichwa mikononi.

"Unajua, pale kikaoni Lorna ndiye..." Curt alianza.

"Funga mdomo." Harlan hakuinua kichwa. "Hizo habari za Lorna kamwambie mkeo. Verlyn akifika utamwambia ulivyoniambia mimi, neno kwa neno, na usipunguze. Nilimwita muuaji mbele ya watoto wake, Curt. Ukimaliza wewe, zamu yangu."

Curt akasimama kando ya feni, kofia mkononi. Barabarani vumbi lilianza kutimka, gari la Verlyn likija mbio.