Samaki wa Kwanza wa Kiangazi

"Mrudishe majini, Adelina! Mrudishe sasa hivi!"

"Nimrudishe mimi? Nimesimama kwenye mwamba huu tangu kulipopambazuka, kamba kiunoni, mikono imekufa ganzi. Wewe ulikuwa wapi?"

"Ana mayai huyo. Tazama tumbo."

"Na mimi nina mama anakata roho kule juu. Mtazame na yeye!"

Adelina na Isidore ni majirani wa ukuta kwa ukuta, na waliwahi kununiana mwaka mzima kwa sababu ya mbwa. Sasa wakisikika wanafokeana chini mtoni, nani abaki nyumbani? Tuliteremka korongo wote, wengine na vikombe vya kahawa mkononi.

Tukamkuta samoni ndani ya wavu wa mpini mrefu, juu ya jiwe lenye joto. Mgongo wa buluu, ubavu wa fedha, mashavu yakifunguka na kufungika. Alikuwa wa kwanza kiangazi hiki. Nyuma yetu vichanja vya kukaushia vilikuwa vitupu, na ule upepo wa moto unaotukaushia samaki ulikuwa unapita katikati ya fito bure.

Hakuna aliyeshangaa. Samoni wetu huzaliwa ziwani, akaenda baharini, na mwaka wa nne akarudi kutaga alikozaliwa na kufa hapo hapo. Kwa hiyo kila mwaka una ukoo wake. Mwaka huu ulikuwa zamu ya watoto wa kiangazi kile, miaka minne nyuma, mlima ulipoporomoka ukaziba mto. Wazazi wao walijipigiza kwenye mawe mpaka wakaoza chini ya nyumba zetu. Harufu ilikaa kwenye mapazia hadi theluji ilipoanguka. Mwaka jana tulizidi kujua, kwa kuwa vile vidume vidogo vinavyotangulia wenzao kwa mwaka mmoja, hatukuona hata kimoja.

"Huyu si wa miaka minne," Isidore akasema. Alikuwa amechutama, bila kumgusa. "Ona ukubwa wake. Ana mitano. Ni wa ukoo wa mwaka mwingine, wa kabla ya mlima kuanguka, kachelewa tu baharini. Hawa wachache waliochelewa ndio watakaoutia mbegu mwaka huu. Tukiwala hawa, mwaka huu umekufa. Na miaka minne ijayo utakuwa umekufa."

"Mama hajatia kitu mdomoni siku ngapi sijui," Adelina akasema. "Nimempa samaki wa akiba, wa chupa, kageuza uso. Jana kafumbua macho kaniambia, supu ya kichwa, cha samaki aliyetoka mtoni leo. Kichwa tu, Isidore! Mayai chukua wewe, kayaatamie."

Watu wakacheka. Hata mimi.

"Cheka tu," Isidore akanigeukia. "Mdomo wako ungekuwa wavu, kijiji hiki kisingejua njaa."

Hapo Shangazi Sabina akagonga fimbo kwenye jiwe. "Nyamazeni nyote. Samaki wa kwanza si wa Adelina, wala si wa Isidore. Wa kwanza hukatwa vipande, kila nyumba ikaonja, na mifupa ikarudishwa mtoni. Mmesahau?"

Angejua, asingesema. Maana kama ni wa wote, basi kila mtu ana neno. Mmoja akataka akatwe, mwenzake akataka aachwe, wa tatu akasema mgonjwa apewe kichwa na sisi tugawane mwili, mwingine akauliza kipande cha ukubwa gani kitatosha nyumba zote hizi. Ikaingia habari ya mbwa. Ikaingia habari ya nani alivua sana kiangazi kile cha mlima. Tukapigana vijembe, na jua linapanda.

Adelina ndiye aliyeacha kugombana kwanza. Akamwinamia yule samaki.

"Mama mwenyewe angemrudisha," akasema. "Angenitukana kwanza, halafu angemrudisha."

Akapiga magoti, akauteremsha wavu majini, akaugeuza polepole.

Samaki akalala ubavu. Kisha tumbo likageuka juu, jeupe.

"Msukume! Mwelekeze kichwa kwenye mkondo!" Isidore alikwisha kuingia maji ya kiuno, bila kamba, akimpapasa kwa vidole. Mkondo ukamnyang'anya. Tukamwona mara moja karibu na povu, mayai yake yote tumboni, halafu hatukumwona tena. Tulipanda korongo kila mtu na njia yake. Kahawa ilikuwa imepoa vikombeni.

Mama yake Adelina alifariki kesho yake jioni.

Siku ya maziko nyumba ilijaa mpaka kwenye ngazi. Kila mtu alikuja na alichobakiza kabatini, viazi, mikate ya kukaanga, matunda ya msituni. Isidore hakuingia. Alikuwa uani tangu asubuhi, anapasua kuni, na alizopasua zilikwisha kuzidi mahitaji ya msiba wowote.

Adelina alitoa chupa ya mwisho ya samoni, aliyoijaza mama yake kwa mikono yake kabla ya mlima. Akaipasha, akaipakua, akahesabu bakuli kwa macho. Kisha akaenda mlangoni na mwiko mkononi.

"Isidore. Weka shoka."

"Nimeshakula."

"Muongo. Umekula wapi? Kijiji kizima kiko humu ndani." Akausogeza mlango kwa bega, ukafunguka wote. "Mfupa wako utaupeleka mtoni mwenyewe. Njoo ule."