Rangi ya Chumba cha Nyuma

Aliyenieleza haya ni mjukuu wangu mwenyewe, mtoto wa binti yangu, mwaka jana, siku alipokuja kunisaidia kufua mapazia mvua ilipokwisha. Tulikuwa tumelishika pazia, kila mtu na upande wake, tunalikamua, ndipo akaanza. Sikumkatiza. Mtu akianza kujitoa mwiba, humshiki mkono. Ila nakuambia mapema wewe unayesoma, mtoto hayumo katika habari hii, usije ukakaa ukimngojea mlangoni.

Alianzia kizingitini pa chumba cha nyuma. Alikuwa amesimama pale, mkoba bado begani, ametoka kazini. Chumba kile walikuwa wakiwekea magunia na baiskeli mbovu. Sasa magunia hayapo, na ukuta ulio mbele yake umepakwa rangi, bado unang'aa kwa ubichi. Akaitambua rangi ile kama mtu anavyoitambua sauti yake. Aliichanganya yeye, asubuhi ile ile.

Kazi yake ndiyo hiyo, kuchanganya rangi katika duka la vifaa vya ujenzi, na mtaa mzima humwita Bi Rangi. Wanawake wa rika lake huitwa kwa majina ya watoto wao. Yeye wakampa la makopo.

Asubuhi alikuja fundi wa kupaka rangi, mteja wao wa siku zote, mzee mtani asiyeishiwa maneno. Akasema leo anataka ya chumba cha mtoto, iwe kama jua kabla halijawa kali. Bi Rangi akamuuliza kama mtoto ameshazaliwa. Yuko njiani, fundi akasema, tena mama yake hajui kama sisi tunajua. Akacheka peke yake mpaka akakohoa. Bi Rangi akachukua nyeupe, akatia njano, akaipooza kwa tone la kahawia isije ikapiga kelele. Akapaka kidogo juu ya kifuniko, akamwambia kama anavyowaambia wote: ngoja ikauke kwanza, rangi mbichi huongopa. Fundi hakungoja. Alipoondoka, mjukuu wangu akamwonea wivu huyo mwanamke asiyemjua, akaugongomelea wivu wake ndani ya kopo lililofuata, akaendelea na kazi.

Kumbe mwanamke mwenyewe ni yeye.

Mumewe alikuwa juu ya kigoda, brashi mkononi, matone ya njano kwenye ndevu. Fundi alileta makopo tu, kupaka mume alitaka apake mwenyewe. Mama mkwe amekalia ndoo iliyopinduliwa, anaamuru. Wifi yake anafuta sakafu. Walipogeuka, nyuso zao zilikuwa za watu walioficha zawadi, siri ikawazidi nguvu.

"Mama Kijacho huyo," wifi akasema. "Baki hapo hapo, usivute harufu."

Habari ilitoka kwenye kamba ya nguo. Mama mkwe na mkwewe wanaanika kwenye kamba moja, uani. Vitambaa vyake vya mwezini mjukuu wangu huvianika nyuma ya shuka, na mama mkwe huviona akajifanya haoni. Sasa mvua imekuja imekwenda, vitambaa havijaonekana. Mwanamke aliyezaa sita anataka ushahidi gani zaidi? Akamnong'oneza mwanawe. Kisha akamnong'oneza jirani, na mnong'ono wa mama yule, nasikia, hufika barabara ya pili.

Lakini mwezi wa mjukuu wangu haukuwa na mazoea ya kuja. Tangu usichana ulikuwa kama mgeni mwenye kiburi: huja utakapo, na ukija hukaa mpaka ukachosha watu. Mwanzoni mwa ndoa kila ulipochelewa alishangilia, ulipokuja akalia. Mwisho akaacha vyote viwili, akaenda hospitali peke yake, nyumbani ameaga kwamba anakwenda kuchagua kitambaa. Daktari akampitishia kipimo tumboni, akamwonyesha kwenye kioo cha mashine ovari zilizojaa vifuko vidogo vidogo. Mayai unayo, akamwambia, tena mengi. Yanaanza kukua, halafu yanakwama kabla ya kupevuka. Ni homoni zimekosa mizani, na ndizo zinazokuletea hizo chunusi, na huo unene wa kiunoni, na... Hapo daktari akashika kidevu chake mwenyewe, asimalizie. Dawa za kulisaidia yai lipevuke zipo, akasema, na wengi huzaa. Ila uje na mume wako, naye apimwe. Haya si mambo ya mtu mmoja.

Kuja na mumewe. Hospitali hakurudi tena.

Maana mumewe ni kinyozi. Kutwa kucha kazi yake ni videvu vya wanaume, na nyumbani mkewe ana ndevu. Si nyingi, lakini ndevu ni ndevu. Kila asubuhi alijifungia bafuni, akafungulia bomba lipige kelele, akajinyoa kwa kupapasa, kwa wembe alioudokoa kwenye droo ya mume. Akiguswa shavu, hugeuza uso. Mume akadhani amechokwa, asiulize. Kimya kikaota ndevu humo ndani.

Sasa yuko kizingitini, na njia ni mbili. Anyamaze, chumba kimalizwe, aitwe Mama Kijacho majuma mawili matatu, kisha aje aseme mimba imeharibika, wamlilie. Au aseme sasa hivi. "Bibi," aliniambia, "ule uongo ulinijia umeshashonwa. Nilibaki kuuvaa tu." Nikamuona pazia limemwangukia miguuni, hana habari.

"Mama," alimwambia mkwewe, "hakuna mtoto."

Mama mkwe akatabasamu. "Usiogope macho ya watu, mwanangu. Kamba imeshaniambia."

"Kamba haijui, mama. Damu haiji, na mtoto hayupo. Naumwa."

Wifi akaacha kufuta. "Kwa hiyo kaka yangu amepaka rangi stoo," akasema polepole.

Mume akashuka kwenye kigoda, akalaza brashi juu ya kopo. Akamwambia mkewe, "Nifuate," kwa sauti ambayo mjukuu wangu hakuwahi kuisikia.

Duka lake la kunyolea liko mbele ya nyumba, linatazama barabara. Akaingia, akafunga mlango kwa ndani, akamwonyesha kiti. Kile kiti cha wateja, cha kuinuka na kulala. Mjukuu wangu akakaa. Akajiona kwenye kioo kikubwa, taa nyeupe haimsamehe hata kinyweleo kimoja, akajua hapa ndipo nitakapoambiwa nirudi kwetu. Mume akamfunga kitambaa shingoni. Akakamua taulo la moto, akamfunika nalo uso wa chini, akaliondoa, akampaka povu. Akamwinua kidevu kwa kidole kimoja.

"Unaacha hapa, chini ya taya," akasema. "Kila siku unaacha hapa."

Mjukuu wangu akamuuliza amejua tangu lini.

"Mimi kinyozi."

"Mbona hukuniambia?"

Mume akaujaribu wembe kwa dole gumba. "Kinyozi hamkimbizi mtu barabarani akamwambia ndevu zako zimekua. Hungoja aje." Akaanza kunyoa, kisha akaongeza, kama anayesema na kioo, "Wewe ilipasa nikukimbize."

Basi akamweleza yote, chini ya wembe, midomo haifunguki sawasawa. Vifuko, mayai yanayokwama, kitambaa ambacho hakukinunua. Alipofika kwenye maneno ya daktari kwamba mume naye akapimwe, wembe ukasimama. Ulisimama kooni.

"Mimi?"

"Kasema wawili."

Mteja akagonga mlango, akaita, akachoka, akaenda zake. Mjukuu wangu anasema kimya kile ndicho alichokiogopa miaka yote, kuliko hata kioo. Nami namwelewa. Nimewaona wanaume wazima wakifika hapo huinuka wakatafute mke mwingine, kana kwamba huyo ndiye atakayepimwa badala yao.

Mume akaufuta wembe kwenye taulo, upande mmoja, upande wa pili.

"Nitafunga duka siku hiyo," akasema. "Sasa nyamaza, Bi Rangi. Nitakukata."

Walipotoka jua lilikuwa linazama. Wifi ameshakwenda kwake, mama mkwe hayupo. Alirudi kiza kinaingia, viatu mkononi, vumbi mpaka magotini. Habari aliyoipeleka nyumba kwa nyumba alikwenda kuirudisha nyumba kwa nyumba, peke yake, na huko hakunong'ona. Mmoja alikuwa ameshafuma soksi, akasema. Nimemwambia aziweke.

Wakamweleza, naye akasikiliza huku anajikanda miguu. Kisha akaingia chumba cha nyuma, maana ndicho kilichokuwa karibu, akajitupa kwenye godoro walilokuwa wamelitandika sakafuni.

"Hivyo vifuko, mwanangu, vinauma?"

"Haviumi, mama."

"Afadhali," akasema, na usingizi ukamkata hapo hapo, mdomo wazi. Sebuleni mume alikuwa ameshalala ameketi, njano bado kwenye ndevu.

Mjukuu wangu akaosha brashi. Akafungua dirisha harufu itoke, akajinyoosha kando ya mkwewe, mkono juu ya kidevu chake mwenyewe, sasa laini. Karibu na dirisha ukuta ulikuwa umeanza kukauka, unageuka kuwa rangi nyingine kidogo, hajui bado ipi. Alitaka kuingoja. Usingizi ukamchukua kabla.