Mashine Iliyomheshimu Fundi

Kwa mamlaka kamili niliyonayo, mimi Athumani Nachenga, zamani wa kidato cha tatu B, natangaza mbele ya wasomaji wote kwamba ndimi mtu wa kwanza mkoani Mtwara kuitungia kompyuta sheria. Mamlaka hayo niliyapata nikiwa nimeshika ufagio. Nilikuwa natumikia adhabu ya kufagia ofisi ya shule, kwa kosa la kugonga kengele ya chakula saa nne asubuhi na kusababisha wanafunzi mia tatu kukimbilia bwaloni wakakuta masufuria matupu. Mwalimu Mkuu, Bwana Lukasi, alikuwa ameniambia kwamba kosa langu lijalo litanirudisha Mtawanya kwa mama yangu, godoro kichwani.

Kompyuta yenyewe ililetwa mwaka huo wa 1984 na wafadhili waliokaa nasi siku mbili, wakapiga picha, wakaondoka. Walituachia kitabu cha maelezo kinene kama tofali, chote Kiingereza. Mashine iliwekwa ofisini kwa karani wetu, Bi Mwanakombo, mama wa makamo mwenyeji wa Mikindani aliyekuwa ametaipu barua za shule kwa miaka kumi na minne. Wafadhili walimfundisha kuiwasha, kuandika na kuhifadhi kazi. Kazi yake ya kwanza ilikuwa orodha ya watahiniwa wa kidato cha nne.

“Athumani mwanangu,” aliniambia siku moja nikifagia chini ya kiti chake, “wewe Kiingereza chako kizuri. Nisomee kitabu hiki, uniandikie machache ya kufuata. Naogopa kuiharibu mali ya umma.”

Alinipa kitabu, karatasi, na korosho za kuchoma kwenye kipande cha gazeti. Korosho nilizila. Kitabu nilikiweka chini ya meza, nikakaa kwenye taipureta yake, nikatunga.

Niliandika kwamba kifaa hiki kimezaliwa nchi ya baridi na hakina kinga ya vumbi la kwetu. Niliagiza kivishwe nguo wakati wote wa kazi, uso pekee ubaki wazi. Niliagiza kila kinachoweza kuingiza vumbi kizibwe. Mwisho niliagiza mtumiaji akiamkie kila asubuhi kabla ya kukiwasha, kwani huko kilikotoka kimezoea heshima. Kwa kweli shabaha yangu ilikuwa hiyo amri ya mwisho tu. Nyingine niliziweka ili karatasi ijae.

Kesho yake mimi na rafiki yangu Mathayo tulijibanza chini ya dirisha tumsikie karani wa serikali akiipa mashine shikamoo. Bi Mwanakombo aliingia, akavua viatu, akasema, “Hujambo mwanangu?” Kisha akajieleza mwenyewe kwa sauti: “Nimpe shikamoo kwa lipi? Kafika juzi tu. Yeye ndiye aniamkie.”

Tulicheka mpaka Mathayo akapaliwa. Sasa nikikumbuka kicheko kile natamani ningepaliwa mimi, tena vizuri.

Maana amri nyingine alizitekeleza zote. Alifuma kitambaa cha uzi mweupe, chenye maua pembeni, akaivisha mashine kama watu wanavyovisha redio. Akashona kamto kadogo, akakajaza sufi, akakabana kwenye tundu la nyuma. Na kuanzia wiki hiyo kompyuta ikaanza kuzimika.

Ilizimika ghafla, bila onyo, karani akiwa katikati ya jina la mtu. Majina ambayo hayajahifadhiwa yalipotea. Bi Mwanakombo alianza upya mara moja, mara tano, mara ambazo aliacha kuzihesabu. Orodha ilitakiwa Dar es Salaam mwisho wa mwezi.

Mwalimu Mkuu akamwita fundi Gaudensi, mtengeneza redio wa Chikongola aliyewahi kusomea umeme Ujerumani Mashariki. Gaudensi alipima umeme wa ukutani kwa mita yake. Alichomeka pasi kwenye soketi ileile, ikapata moto bila kusita. Alikaza waya, akafungua kisanduku, akapuliza, akafunga. Mashine ikafanya kazi tangu saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri bila hata kupepesa.

Ilifanya hivyo kwa sababu Bi Mwanakombo, aliposikia fundi anakuja, aliivua. Alikunja kitambaa, akachomoa kamto, akavitia sandukuni. Hakuona vyema mgeni aliyeitwa rasmi aikute mashine ya serikali katika nguo za kazi.

Mimi nilimwona akivua. Nilikuwa na ufagio mkononi, na mdomo ninao siku zote. Niliutumia ufagio.

Fundi alipoondoka ikavishwa tena, na kabla ya magharibi ilikuwa imezimika mara mbili.

“Fundi akiwepo, inafanya kazi,” alisema Bwana Lukasi kesho yake, amesimama mlangoni. “Bi Mwanakombo akiwa peke yake, inazimika. Mimi si fundi, lakini hesabu hii naijua. Hii inaitwa hujuma.”

Neno hilo wakati ule halikuwa la mzaha. Mwaka uliotangulia redio ilikuwa ikilitaja kila siku, na watu walikuwa wakitupa mitaroni vitu walivyonunua kwa jasho lao, wasije wakakamatwa kama wahujumu uchumi. Bi Mwanakombo aliketi taratibu, kama mtu anayetafuta kiti gizani, ingawa ilikuwa saa sita mchana.

Mwalimu Mkuu aliamua kumsimamisha kazi na kulipeleka jina lake mkoani. Barua ilipaswa kupigwa taipu, na shuleni hapakuwa na mpiga taipu mwingine. Bi Mwanakombo aliitaipu mwenyewe. Nilikuwa nafagia. Aliiandika safi, bila kosa, akaweka na nakala ya Ofisi ya Elimu ya Mkoa, kisha akaipeleka mezani kwa Mwalimu Mkuu isubiri sahihi. Alikuwa na wajukuu watatu Ufukoni waliokula kwa mshahara ule.

Siku hiyo nilijaribu ushujaa wa nusu. “Bi Mwanakombo,” nilisema, “labda ungeiacha bila nguo, ipumue kidogo.”

“Usinifundishe kukaidi maagizo, mwanangu,” alijibu. “Wanatafuta kosa langu. Sasa ndiyo nifuate kila kitu kama kilivyoandikwa.”

Hapo palikuwa mahali pa kusema. Nilipafagia, nikapita.

Aliyeizuia sahihi ni Gaudensi. “Mwalimu, mashine haimjui karani wala fundi,” alisema. “Nipe mpaka Ijumaa.” Akamwomba Bi Mwanakombo aandike saa anayoiwasha na saa inayojizima, basi.

Alhamisi mchana alirudi bila taarifa. Akachukua karatasi ya saa, akasoma kwa kidole. Asubuhi mashine ilidumu dakika hamsini. Mchana, ishirini. Ikiwashwa hapohapo baada ya kuzimika, dakika tano. Ikipumzishwa muda wa chakula, inarudi kwenye ishirini.

“Hii siyo hujuma,” alimwambia Mwalimu Mkuu, aliyekuwa amemfuata. “Hili ni joto. Ndani kuna swichi ndogo, joto likizidi inajikata ili mashine isiungue. Jua likipanda inachoka mapema.” Akatia mkono nyuma ya kitambaa, akatoa kamto ka sufi. Kalikuwa ka moto kama mkate. “Mama, umeiziba pua.”

Akafungua kile kitabu, na hakufika mbali. “Huu hapa, ukurasa wa nne. Matundu ya hewa yasizibwe kamwe.”

Bwana Lukasi alikashika kamto kwa ncha za vidole. “Nani alikuagiza hivi?”

Bi Mwanakombo alifungua droo, akatoa karatasi yangu. Nilifagia kwa bidii ambayo sijawahi kuionyesha tena.

“Niliandika mwenyewe,” alisema.

Nilidhani sikusikia vizuri. Hakunitazama hata kidogo. Alijua habari ya godoro langu. Shule nzima ilijua.

“Wewe? Mtu wa miaka kumi na minne ofisini?” Mwalimu Mkuu aliiinua karatasi dirishani. “Basi ni heri uondoke kwa ajili ya lugha pekee. Sikiliza. ‘Kifaa hiki, ambacho kwa nyuma kina tundu la kupitisha vumbi, lizibwe kwa kitu laini.’ Kifaa lizibwe! Mtoto wa darasa la pili hakosei ngeli namna hii.”

Ningependa kuandika kwamba dhamiri ilinishika koo. Dhamiri ilikuwa imelala fofofo. Kilichoamka ni majivuno.

“Mwalimu, linalozibwa ni tundu,” nilisema. “Tundu lizibwe. Sentensi iko sawa.”

Ufagio ulisimama wenyewe. Gaudensi alikohoa. Sentensi haikuwa sawa, na nilijua hivyo kabla sijafunga mdomo.

“Athumani,” alisema Bwana Lukasi polepole, “wewe karatasi hii umeisoma lini?”

Bi Mwanakombo aliinuka, akasimama kati yetu. “Mwalimu, nisamehe, nimesema uongo. Nilimwomba mtoto anitafsirie. Kiingereza cha kitabu kigumu, akakosea. Alikuwa ananisaidia. Kosa la tafsiri si kosa la kumfukuzia mtu shule.”

Bwana Lukasi alinigeukia, na kwa mara ya kwanza mwaka ule uso wake ulilegea. “Ni hivyo? Ulikosea kutafsiri?”

Lilikuwa jibu la neno moja, na lilikuwa limeandaliwa tayari, kwa mikono ya mtu niliyemfanyia vile. Barua yake ya kusimamishwa ilikuwa ingali mezani, ikisubiri sahihi. Nilimtazama Bi Mwanakombo. Alikuwa anatikisa kichwa kidogo kunihimiza niseme ndiyo.

“Hapana, Mwalimu,” nilisema. “Sikukosea. Kitabu sikukifungua. Nilitunga yote, ili nimcheke.”