Sahani Kumi na Mbili za Bi Mwamvua

Jumapili saa nne na nusu asubuhi, Salhiya, Nada na Afra walipanda ngazi za mkahawa mpya wa mtaa wa Malindi, mjini Unguja, wakakaa meza ya dirishani, wakaagiza. Kila Jumapili walijaribu mahali papya, na hapa palikuwa pa kumi na saba. Chakula cha saa hizo wenyewe huita branchi. Kwa kina Salhiya, Jang'ombe, hiyo ni chai iliyochelewa, na anayeichelewesha huitwa mvivu.

Afra aliletewa boflo la kuchoma lililopakwa parachichi, Salhiya mayai, vyote kwenye sahani nyeupe. Nada aliletewa pankeki tatu zilizomwagiwa asali, na sahani yake ilikuwa na maua ya buluu ukingoni. Akazimaliza, akaagiza tena, akazimaliza, akaagiza mara ya tatu.

"Sishibi," alisema.

Salhiya alikuwa akiyatazama yale maua. Sahani ya pili ilipokwisha aliigeuza. Chini palikuwa na matone mawili mekundu ya rangi ya kucha. Unguja kila mwanamke mwenye vyombo vya maana huvitia alama, kwa sababu huazimwa kwa harusi na hitima, na visivyo na alama havirudi. Vyenye alama navyo havirudi, mwenyewe akiwa mnyonge. Sahani hizi mama yake, Bi Mwamvua, aliziazimisha kumi na mbili, miaka mitano nyuma, kwa harusi ya Tamima, binti ya Zahran mwenye majumba. Tamima ndiye mwenye mkahawa.

Salhiya akapiga simu nyumbani.

"Mama, leo umekula nini?"

"Sijala kitu tangu jana. Lakini nimeshiba mpaka kooni, nacheua asali. Huyo anayekula mwambie basi, nitatapika!"

"Ni Nada, mama."

"Mwambie Nada hana haya."

Salhiya alimwambia. Nada aliweka uma chini, akaitazama sahani ya tatu iliyokuwa inakuja, akauchukua tena.

Kumbe ndiyo hayo. Bi Mwamvua alikuwa na kisukari, na tangu mkahawa ufunguliwe, miezi miwili sasa, sukari yake haikushuka chini ya kumi na nane. Alikula mchicha na samaki wa kuchemsha, na usiku alicheua vitu ambavyo hakuvijua majina. Muuguzi alimwambia mbele ya foleni nzima, "Bibi, wewe unakula vitamu kwa kujificha," na Bi Mwamvua alirudi nyumbani analia kwa hasira. Daktari alisema maneno machache zaidi: sukari ikibaki hivyo, mwaka hamalizi.

Tamima alikuja mezani mwenyewe, udi unamtangulia.

"Hizi sahani za mama yangu," alisema Salhiya.

"Nnajua."

"Kila kinacholiwa humu kinakwenda tumboni kwake. Zinamuua, Tamima."

"Hilo pia nnajua. Mpishi aligundua wiki ya kwanza. Anayekula kwenye sahani hizo hashibi, anaagiza tena na tena. Ndizo zilizousimamisha mkahawa huu, shoga. Nikikupa, mie nifunge?"

"Nunua nyingine!"

"Nyingine zinashibisha."

Afra alisukuma kikombe chake. "Jamani Salhiya, siku yetu ya kupumzika ndiyo hii moja. Lazima ugomvi?"

"Kwa ajili ya ujirani," alisema Tamima, "Jumatatu sitatia asali."

Jumatatu mkahawa hufungwa.

Salhiya alikwenda kwa sheha, mkuu wa mtaa. Sheha alimsikiliza vizuri, akamtilia kahawa, akamwambia kwamba tone la rangi ya kucha si hati, alete mashahidi. Mashahidi walikuwepo, wanawake arobaini walioosha vyombo siku ya harusi ile. Kila mmoja alizikumbuka sahani. Walipoulizwa zilikuwa za nani walikumbuka kwamba Zahran ana mabinti wengine wawili hawajaolewa, na harusi zao zitakuwa kubwa.

"Basi n'takwenda nizivunje zote," Salhiya alimwambia mama yake.

"Thubutu! Nimezinunua moja moja, miaka sita, kwa kukaanga bajia juani. Nataka watu wale hitima yangu humo. Niletee zikiwa nzima."

Akacheua, akafuta mdomo kwa ncha ya kanga, akasema leo wametia na ndizi.

Salhiya alikwenda mara nne zaidi. Mara ya kwanza alibembeleza, ya pili alitukana. Mara ya tatu alishusha sahani moja mpaka nusu ya ngazi, mpishi akamnyang'anya kwa adabu. Mara ya nne hakuruhusiwa kupanda. Aliwaona Nada na Afra dirishani, sahani zote mbili zina maua ya buluu. Nada alimpungia mkono.

Idi mosi mkahawa ulijaa tangu watu waliposali. Ilipofika adhuhuri Bi Mwamvua alikuwa ameshakula, bila ya kula, pankeki za ukoo mzima, na juu yake faluda. Salhiya alimshika kichwa.

"Lo," alisema Bi Mwamvua, "bado wanaagiza." Akatoa shahada, akafa.

Waliomuosha walisema mdomo wake unanukia asali, wakaona ni dalili njema.

Siku ya hitima Tamima alikuja na gari. Alilia mlangoni kwa sauti, akamkumbatia kila mwanamke, kisha akateremsha sahani kumi na mbili zenye maua ya buluu.

"Nimekuleteeni muazime," alisema. "Marehemu alikuwa mtu wangu."

Pilau ililiwa humo, kama Bi Mwamvua alivyotaka. Waliokula kwenye sahani hizo walinong'onezana kwamba chakula kimepunjwa. Salhiya alikaa kwenye mkeka chumbani. Alikuwa hajatia kitu kinywani kwa siku tatu, na mchana ule alijihisi ameshiba mpaka kifuani. Alidhani ni msiba.

Alipotoka nje sahani hazipo. Mama yake mkubwa, Bi Sichana, alikuwa anajifuta mikono.

"Ziko wapi?"

"Nimezirudisha. Keshaondoka nazo."

"Mama mkubwa! Wewe si unaijua alama? Si ulikuwepo mama akiitia?"

"Nilimshikia chupa ya rangi. Lakini kaja nazo mkononi, mbele za watu, kasema anatuazima. Tukizizuia, kabla ya magharibi mji mzima utasema marehemu kaacha mtoto mwizi. Mimi aibu hiyo siitaki msibani kwa mdogo wangu."

"Zimemuua!"

"Nnajua, mwanangu. Na sahani ya mtu hairudi tupu. Ya juu nimeitia visheti."

Salhiya alipiga kelele mpaka majirani wakaja kumshika. Walimpa maji, wakasema ni uchungu wa mama, utapungua. Hakuna aliyekwenda Malindi.

Jumapili iliyofuata alikuwa peke yake nyumbani, mlango umefungwa, jiko halijawashwa. Saa nne na nusu simu ililia. Afra alikuwa ametuma picha ya meza ile ile ya dirishani. *Shoga, pole sana, kiti chako tumekuwekea.*

Salhiya alicheua. Ilikuwa asali.

Saa tano Nada aliandika kwamba wameagiza tena. Salhiya alifungua mtoto wa meza wa mama yake, akatoa kipimo cha sukari, akajidunga kidole, akakaa kungoja.